Kisigino cha Mama Mkwe

Nthiwa wa Kwa Vonza, huko Kitui, hakuwa mtu wa kumpa mtu gome la dawa kiholela. Sokoni kila mtu alilijua hilo, na wengine liliwaudhi. Ulikuwa ukifika kwenye meza yake, kando ya soko la mbuzi, ukamwambia nipe dawa ya upele, hakupi. Atakwambia kaa hapa kwanza, vua, nione. Kama ni mgongo, anakupeleka nyuma ya turubai. Kama ni mguu, anaupakata gotini, anaugeuza upande wa jua, anabonyeza kwa kidole gumba, ananusa. Ndipo anapofungua gunia. Mke wa chifu mwenyewe aliwahi kurudishwa nyumbani akamlete mtoto, kwa sababu alikuja na maneno tu na ngozi ameiacha kitandani. Aliondoka amenuna, lakini mtoto alimleta.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyempa mama mkwe wake gome msimu baada ya msimu bila kuuona mguu wake hata siku moja. Na aliyemsihi afanye hivyo ni mkewe, Kathini. Kwa hiyo asiwepo wa kuharakisha kunyoosha kidole. Lawama za kisa hiki zinawatosha wote, na nyingine zinabaki.

Wakamba wana kitu wanakiita nthoni. Ni heshima, ila ni heshima yenye meno. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, sembuse kuonyeshana miguu. Siku hizi vijana wanawakumbatia mama wakwe zao kwenye harusi na kupiga nao picha, na pasta anapiga makofi. Lakini Kalunde, mama yake Kathini, alikuwa wa zamani kwa kupenda kwake mwenyewe. Siku moja huko kwao Mbumbuni, upande wa Makueni, alikutana na Nthiwa ana kwa ana kwenye kijia cha kanisani. Alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili, imepigwa pasi ikanyooka, na akaruka nayo ndani ya mbaazi za jirani, akachuchumaa humo mpaka mkwe akapita. Nthiwa naye alitazama milima upande wa pili mpaka shingo ikamkaza. Kisa hicho walikisimulia wote wawili kwa fahari. Mkwe kama huyu, Kalunde aliwaambia wenzake, leo utampata wapi?

Wakitaka kuzungumza, kulikuwa na Kathini. Wakienda Mbumbuni, Nthiwa anaketi nje, kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa jikoni. Kalunde yuko ndani na sufuria zake. Kathini anasimama mlangoni kupeleka na kurudisha maneno. Ukuta wenyewe ni fito na udongo, na kila mmoja anamsikia mwenzake mpaka anavyovuta pumzi, lakini ni lazima Nthiwa aulize, "Anasemaje?" na ni lazima Kathini ayarudie yote tangu mwanzo. Kathini alipokuwa bibi harusi kazi hiyo ilimchekesha. Baadaye aliizoea, kama mtu anavyozoea kuteka maji.

Doa aliliona wakati wa kuvuna ndengu. Alikuwa ameenda kumsaidia mama yake, na jioni, wakati wa kuosha miguu, akaliona chini ya kisigino cha kushoto. Lilikuwa jeusi, dogo kama punje ya ndengu zenyewe, na kingo zake hazikunyooka.

"Mwaitu, hii ni nini?" Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba.

"Ni mwiba. Nilikanyaga mwiba ya musemei."

"Inauma?"

"Ingekuwa inauma ningelima hii shamba yote?"

Musemei ni ule mti wa miiba mirefu myeupe, na gome lake ndilo lililomlisha Nthiwa na watoto wake. Lilitibu mapunye, lilikausha vidonda, liliwatuliza wenye ukurutu waliokuwa wamejikuna mpaka damu. Kalunde aliona jambo hilo linachekesha, kwamba mti uliomchoma ndio wa mkwe wake. Kathini alicheka naye. Siku hizi akikumbuka kicheko hicho anatamani kujizaba kofi.

Aliporudi Kwa Vonza alimweleza mumewe. Nthiwa alikuwa ameketi uani akipasua magome.

"Lazima nione," alisema kwa mazoea, halafu akakumbuka mgonjwa ni nani.

"Basi nipatie tu ile ya vidonda nimpelekee."

"Inatoa maji?"

"Kidogo. Juzi ilitoa kidogo."

"Inanuka?"

"Sikunusa."

"Inamwasha ama inamuuma?"

"Anasema haimuumi."

Nthiwa aliweka panga chini. Kidonda kisichouma hakikumpendeza, na uso wake ulionyesha hivyo. "Mama Ndila, mimi kitu sijaona sigusi. Unajua."

"Baba Ndila, huyo ni mama yangu. Watu wa sokoni unawashika miguu, hata walevi. Mama yangu akose?"

Neno hilo lilimwingia. Aliinuka akaenda kwenye musemei bora aliokuwa nao, ule wa nyuma ya boma ambao hakuwa akiukata kwa ajili ya soko. Akabandua upande mmoja tu ili mti usife, akapaka udongo pale alipobandua. Alilianika gome kivulini, akalitwanga mwenyewe, akalifunga kwenye kitambaa safi. Katika maisha yake yote hakuwahi kutengeneza dawa kwa uangalifu kama ule. Hilo Kathini hamnyimi, hata akiwa amekasirika vipi.

Na dawa ilifanya kazi, ndiyo balaa. Kalunde alichemsha gome mpaka maji yakawa mazito na mekundu, akachovya mguu asubuhi na jioni. Majimaji yakakauka. Ngozi ya pembeni ikakaza. Lakini musemei hupaka rangi kila unachogusa, na muda si muda kisigino chote kikawa cha kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi, hata Kathini mwenyewe akashindwa kujua doa linaishia wapi na dawa inaanzia wapi. Kalunde alituma salamu za shukrani. Nyingine Nthiwa alizipokea siku walipoenda kumsalimia, akiwa kwenye kigoda chake nje ya jikoni, akatabasamu kwa ukuta.

Mvua ziliponyesha na watu wakaanza kupanda, Kathini alienda tena. Safari hii alimkuta mama yake anakanyagia vidole, kisigino hakifiki chini. Akachukua maji ya moto na sabuni, akasugua rangi ya gome mpaka mama yake akalalamika. Lile doa lililokuwa dogo kama ndengu sasa lilikuwa pana kama kifuniko cha soda. Katikati lilikuwa limeinuka na kupasuka. Kathini akatoa simu.

"Unapiga mguu wangu picha ya nini?"

"Nikumbuke tu."

"Si ungepiga uso."

Kathini alisema pia habari ya hospitali. Hakusema mara moja, alisema mpaka wakakosana. Kalunde alikuwa na jibu lake, na alilitoa bila kupandisha sauti.

"Nikienda pale, nesi ataniuliza nimekuwa nikipaka nini. Nitasema gome ya mkwe wangu. Huyo nesi ni wa hapa hapa, tunaimba kwaya pamoja. Kabla Jumapili ifike, Mbumbuni yote itakuwa inasema Nthiwa anatibu watu huko Kitui na mama mkwe wake amemshinda. Mimi nimwaibishe mtoto wa watu hivyo? Ameninyima nini?"

Kathini alirudi Kwa Vonza na picha. Alimkuta mumewe kwenye kinu, anatwanga, akamwekea simu mkononi bila maelezo. Nthiwa alidhani ni picha ya mtoto. Aliinua simu akitabasamu.

"Hii ni nini?"

"Mguu wa mwaitu."

Hakuitazama tena hata kwa kupepesa jicho. Aliigeuza simu akailaza kifudifudi juu ya mdomo wa kinu, akaondoa mkono kana kwamba imemchoma.

"Wewe mwanamke, unataka niwe mtu wa aina gani?"

"Ni picha tu."

"Picha ya nani? Si ni yake?"

"Hata uso haionyeshi."

"Hiyo sasa ndiyo mbaya zaidi!"

Walizozana mpaka chakula kikapoa. Kathini alimwita mjinga, neno ambalo hakuwahi kumwambia. Nthiwa alimwuliza kama huko kwao alifundishwa kumvua mama yake nguo mbele ya wanaume. Mwisho Nthiwa akaenda kwenye musemei wake wa nyuma ya boma, akakata gome jingine, zuri kuliko la kwanza, na Kathini akalichukua shingo upande, akalipeleka. Picha hakuifuta. Hakuitazama tena pia. Angeweza kumbeba mama yake kwa nguvu. Angeweza kuishika shingo ya mumewe akaigeuza. Hayo yote aliyafikiria baadaye, wakati kufikiria hakukuwa na kazi tena.

Miezi ikapita hivyo, gome likienda, shukrani zikirudi.

Siku moja ya soko, wakati wa kupanda umezunguka tena, alikuja Ahmednur. Ahmednur ni mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alikuwa akifika Kwa Vonza na lori kununua mbuzi. Kwa muda mrefu hakuonekana. Siku hiyo hakuja kununua. Alikuja amevuta beberu mweupe kwa kamba, akamfunga kwenye mguu wa meza ya Nthiwa, akaketi bila kuambiwa.

"Mama, huyu mzee wako alinifukuza hapa," alimwambia Kathini, anacheka. "Wewe hukuwa. Walisema umeenda kusalimia mama yako. Mimi nimekuja na mguu wangu, nataka dawa, pesa ninayo. Ameangalia mara moja tu, akasema hii si ya gome. Enda hospitali leo, hata usingoje lori ijae. Nimekasirika, wallahi. Nimesema huyu mzee anadharau Msomali."

"Na ukaenda?" Kathini aliuliza. Alikuwa anammiminia chai.

"Bibi yangu Abdiya amenilazimisha. Daktari amekata kipande, kimepelekwa Nairobi, wamesema ni saratani. Lakini wakasema umekuja mapema. Wamekata yote. Sasa natembea, naona watoto wangu. Huyo mbuzi ni asante. Si bei ya kitu."

"Ilikuwa wapi kwa mguu?"

"Hapa." Ahmednur alivua kiatu chake bila haya, kwa sababu yeye hakuwa na nthoni na mtu pale. Chini ya kisigino kulikuwa na kovu laini, limebonyea kidogo, limefunga vizuri. "Doa nyeusi, ndogo. Mimi nimefikiri ni mwiba. Haikuwa inauma hata kidogo."

Kathini aliweka birika chini. Alikitazama kisigino kile kilichopona na akamchukia mwenye nacho. Mtu hakuwa amemkosea lolote, amekuja na shukrani na mbuzi, na yeye akamchukia kwa moyo wote kwa sababu kinatembea. Akachomoa simu kifuani, akarudisha picha nyuma, nyuma, akapita harusi na ubatizo na mahindi, akaipata. Akaisukuma mbele ya mumewe.

"Angalia."

"Mama Ndila, tuko na mgeni."

"Angalia, ama nimpatie Ahmednur amwangalie mama mkwe wako hapa sokoni."

Nthiwa aliangalia. Hakuhitaji muda zaidi ya ule anaohitaji kwa mtu mwingine yeyote. Kathini aliyejua uso wa mumewe akiwa kazini aliuona ukifanya kazi yake, macho yakienda kwenye kingo, yakija katikati, yakisimama. Na baada ya hapo uso ukaanguka.

"Hii ni ya lini?"

"Ya kupanda."

"Hii ya juzi?"

"Ile ya mwaka jana."

Alishika ukingo wa meza. "Mbona hukuniambia?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nilikuambia. Ukaifunika juu ya kinu."

Ahmednur alivaa kiatu chake polepole, akatazama mmoja, akatazama mwingine, akaaga. Beberu alibaki pale anatafuna kona ya gunia la dawa.

Kalunde alipelekwa hospitali safari hiyo bila kuulizwa. Kathini na kaka yake Musyoka walimwinua kitandani, mmoja huku, mwingine kule, na yeye akawa mwepesi mpaka Musyoka akageuza uso. Daktari alikuwa msichana wa Kikamba. Alimshika mzee mkono akamweleza kwa lugha yake, bila kuzungukazunguka, kwamba uvimbe umepanda mpaka kinenani na kwenye mapafu pia umefika, na kwamba mguu ukikatwa sasa utakatwa bure. Kalunde aliuliza tu kama dawa za maumivu zinaleta usingizi, maana alitaka kusali akiwa macho. Wakamrudisha nyumbani Mbumbuni. Akataka alazwe jikoni, alikozoea, karibu na moto wake.

Nthiwa hakwenda sokoni wiki hizo. Aliketi uani na magome yake hakuyagusa. Asubuhi moja akaoga, akavaa koti la kanisani, akanunua blanketi jipya, akamfungua yule beberu wa Ahmednur. Kathini alielewa kabla hajaelezwa. Nthoni ina mlango wake. Mkwe akitaka kuiondoa, humpelekea mama mkwe mbuzi na cha kujifunika, na mama akipokea, basi kuanzia hapo wanaweza kukaa chumba kimoja na kutazamana kama watu. Mlango huo ulikuwepo miaka yote. Haukuhitaji chochote ambacho Nthiwa hakuwa nacho. Kathini aliwaza hilo njia nzima na hakulisema, kwa sababu angelisema angepiga mayowe.

Walipofika, Nthiwa hakuketi kwenye kigoda. Alisimama nje ya ukuta, kamba ya mbuzi mkononi, blanketi kwapani. Kathini akaingia.

"Mwaitu, Baba Ndila amekuja. Ameleta mbuzi na blanketi."

Kalunde alifumbua macho. Mwili wote ulikuwa umekwisha, lakini macho yalikuwa yake yale yale. "Ya nini?"

"Anataka kuondoa nthoni. Anataka kuingia akuone."

"Anione nini? Mguu?"

"Ndiyo."

Nje mbuzi alilia, akanyamaza. Kalunde alivuta shuka mpaka ikafunika mguu, akahakikisha kwa mkono kwamba umefunikwa wote.

"Kwani ameshajua ni nini?"

"Anajua. Nilimwonyesha picha."

"Ile uliniambia ni ya kukumbuka." Hakusema kwa hasira. Alipumzika kidogo, akavuta pumzi iliyokwaruza. "Sasa nisikilize. Huyo akiingia hapa aone hii kitu na macho yake, atatoka akiwa nani? Kesho mtu atamletea mguu pale sokoni, ataushika na mkono gani? Wewe na watoto mtakula nini?"

"Mwaitu, lakini yeye mwenyewe ndiye anataka."

"Anataka kwa sababu ni mtu mzuri. Mimi pia nilikaa na huu mguu kwa sababu ni mtu mzuri. Mwambie arudi na mbuzi yake." Alifumba macho, Kathini akadhani dawa imemchukua. "Mwambie nimepona."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Umepeleka maneno yangu tangu uolewe. Peleka na hii."

Kathini alipiga magoti pale kando ya kitanda. Alitaka kumwambia mama yake kwamba hiyo heshima yao ndiyo imemwua, kwamba wote wawili wangekuwa na adabu kidogo tu chini ya hapo angekuwa shambani leo anapalilia. Alitaka kumwambia kwamba yeye Kathini amechoka kuwa mlango. Lakini Kalunde alikuwa amegeukia ukutani, upande ule ule aliosimama mkwe wake, na kati yao kulikuwa na udongo wa unene wa kiganja. Kathini akainuka, akajifuta uso na leso, akatoka.

Nthiwa alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa amesikia kila neno, na machozi yalikuwa yameshuka mpaka kwenye kola ya koti. Hata hivyo alisubiri mkewe afike karibu, akauliza kama alivyouliza siku zote.

"Anasemaje?"

"Anasema amepona," Kathini alisema. "Anasema asante kwa dawa."

Nthiwa akavua kofia. Akaielekea fito na udongo, akasafisha koo.

"Mwambie namshukuru Mungu," alisema.

Kathini akageuka, akarudi ndani kumwambia.